Vishikwambi vya Kwaya na Vidole vya Fundi Melkiadi

Mume wangu Melkiadi hana vidole. Nikisema hivyo watu huitazama mikono yake, wanaviona vyote kumi, tena vinene, wanadhani namsema vibaya. Simsemi vibaya. Ni fundi mwashi, na miaka thelathini na minne ya saruji na matofali ya kuchoma imekula vile vimistari ambavyo Mungu humchorea kila mtu kwenye ncha za vidole, ikaacha sugu kavu. Siku ya kusajili laini ya simu, binti mwenye mashine alimwambia aweke dole gumba, akaweka. Akamwambia aweke la mkono wa pili, akaweka. Alipomaliza yote kumi, mume wangu akainama kufungua kamba za viatu, akauliza kama vya miguuni vinakubalika. Mwishowe laini ilisajiliwa kwa jina langu, na hadi leo vibarua wake humwita Evangelina wakidhani hasikii.

Tunakaa Bagara, hapa Babati mjini, na nyumba nyingi za mtaa wetu kazijenga yeye. Si mtu wa maneno. Ukimuuliza habari za kazi atasema "nzuri," na hayo ndiyo mazungumzo ya jioni. Sauti yake yote ameiweka kwenye kuimba. Yuko katika kwaya ya kigango chetu tangu kabla hatujaoana, sauti ya nne, ile nzito ya chini. Mimi siimbi, nikiimba, mbwa wa jirani huitikia. Lakini nilimpata kwa sauti hiyo. Nilikuwa nauza maandazi nje ya kanisa, nikasikia kitu kinanguruma ndani kama lori la mbaazi linalopanda mlima wa Magara, nikaacha beseni nikaenda kuchungulia. Niliporudi kuku walikuwa wamekula maandazi sita, na sijawahi kuyajutia.

Basi mwaka ambao kigango kilikaribia kutimiza miaka hamsini, vitabu vya nyimbo vilikutwa kabatini vimeliwa na mchwa. Walikuwa wamekula nyimbo zote za Kwaresima na kubakiza majalada. Paroko akaandika barua kwa parokia rafiki huko Ujerumani, na mzee mmoja wa huko aitwaye Wolfgang, mpiga kinanda, akatuma boksi. Ndani hamkuwa na vitabu. Mlikuwa na vishikwambi kumi na viwili, vimetumika lakini vizima, na barua kwamba yeye mwenyewe atakuja kwenye Jubilei kuviona vikifanya kazi.

Kwaya yetu ni watu kumi na wawili pamoja na mwalimu wa kwaya. Marseli, ambaye ndiye mwalimu huyo, alisema hiyo ni ishara. Marseli ni kijana wa miaka ishirini na minane, anafundisha hesabu sekondari, mtu mzuri na mwenye adabu. Tatizo lake ni kwamba akiona kitu kipya hukipenda kwanza, kukifikiria baadaye. Alipiga picha nyimbo zote kutoka kitabu kimoja kilichosalimika nyumbani kwa mzee Yoakimu, akaziingiza kwenye vishikwambi, akatangaza kwamba kuanzia siku ya Jubilei hakuna karatasi. Kila mwimbaji atafungua kurasa zake kwa kidole.

Unaona tatizo linakotoka.

Siku ya mazoezi ya kwanza mume wangu aligusa kioo, kioo kikakaa kimya. Akagusa kwa nguvu. Akagusa kama anayebisha hodi. Wenzake wakampa ushauri: mmoja alisema alambe kidole, mwingine akampaka mafuta ya kujipaka, Mama Felix wa sauti ya kwanza akasema apumulie. Kishikwambi kikajaa mate, mafuta na ukungu, na wimbo uko palepale ukurasa wa kwanza. Ndipo akagundua kwamba pua yake inafanya kazi. Pua haijawahi kushika saruji. Aliimba wimbo mzima akiinama kila mwisho wa ukurasa, na Mama Felix aliporudi nyumbani alihadithia mtaa mzima kwamba mume wangu, Baba Devota, anakibusu kishikwambi.

Marseli alikuja kwetu kesho yake. Alimwamkia kwanza, kisha akamfukuza.

"Shikamoo, Baba Devota."

"Marahaba, mwalimu."

"Mzee wangu, samahani sana. Wageni watakuwepo, na mzee Wolfgang atakaa kiti cha mbele. Sasa ile habari ya pua... Naona ifikapo Jubilei, kama bado haijawezekana, ukae tu na waumini. Utaimba ukiwa pale pale kanisani."

"Kwenye benchi," alisema mume wangu.

"Kwenye benchi la mbele, mzee. Nitakuwekea nafasi."

Mume wangu alimshukuru. Mimi nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nasonga ugali mgumu, maana hasira zote ziliishia humo. Mtu ameimba miaka thelathini na moja, leo aondolewe kwa sababu kioo hakimtambui. Zilibaki wiki saba.

Wokovu ulikuja na basi la Dodoma. Binti yetu Devota anasoma mambo ya kompyuta chuoni, na alikuja likizo amebeba kompyuta kuukuu ya kukunja, iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ili isifunguke njiani. Alimsikiliza baba yake, akaangalia vile vidole, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Baba, si lazima ukiguse. Unaweza kukiamrisha."

Akachomeka waya, upande mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye kishikwambi. Akafungua dirisha jeusi tupu, lisilo na picha wala rangi, kialama kimoja tu kinapepesa pembeni. Akaandika mstari mmoja wa maneno, akabonyeza, na kishikwambi kilichokuwa mezani kikageuza ukurasa bila mtu kukigusa. Mume wangu alivua kofia.

Kuanzia siku hiyo nilipata mke mwenza. Batani za kompyuta hazikuulizi vidole vyako vikoje, ukibonyeza, zimebonyezwa. Devota alimwandikia amri kwenye daftari la mistari, na chini ya kila moja maana yake kwa Kiswahili: hii ya kukiamsha, hii ya kukikataza kisilale, hii ya kukuza maandishi, hii ya kulaza picha upande, hii ya kuisimamisha tena. Amri zenyewe ni za Kiingereza, na Kiingereza cha mume wangu kiliishia darasa la saba, lakini hakikuwa kikwazo. Alizinakili herufi kwa herufi, akihakikisha nafasi kati ya neno na neno inalingana, kama anavyolinganisha udongo kati ya tofali na tofali. Akikosea nafasi moja, dirisha linagoma. Akipatia, halisemi lolote, linafanya. Alilipenda sana kwa hilo. Aliniambia, "Mama Devota, hiki kitu ukikiambia vizuri kinatii bila kujibu." Nikamwambia ndicho alichokuwa anakitafuta tangu siku ya harusi.

Haikuwa rahisi. Jumatatu alikuza maandishi hadi kioo kizima kikabeba herufi B peke yake. Jumatano alilaza picha upande, akapoteza ukurasa wa daftari wenye amri ya kuisimamisha, na nilimkuta amejilaza kwenye kochi ubavu-ubavu, anafanya mazoezi ya Utukufu. Lakini papo kwa papo kamba hukata jiwe. Devota aliporudi chuoni, baba yake alikuwa anazo amri kumi na tisa na hakuna iliyomshinda.

Habari zikaenea, maana kumbe hakuwa peke yake mwenye shida. Vishikwambi vyote vilikuwa vinazungumza Kijerumani. Mama Felix, ambaye vidole vyake ni vizuri kabisa, alibonyeza mahali fulani yakatokea maneno marefu mekundu, akakifunika na khanga, akakileta kwetu mbio. "Baba Devota, kinanigombeza," alisema. Vingine vilizima kila baada ya nusu dakika, katikati ya Bwana Utuhurumie. Wote wakapita sebuleni kwetu. Mume wangu alichomeka waya, akafungua daftari, akaandika, na vikatoka vinazungumza Kiswahili, havilali ovyo, na herufi zake zinasomeka hata na mzee Yoakimu, mwenye miaka sabini na minane na jicho moja zima.

Wiki mbili kabla ya Jubilei, Devota akatuma kwa basi kikasha kidogo cha wai-fai, na maelekezo kwa simu. Sasa waya haukuhitajika tena. Mume wangu aliandika orodha ya amri kumi na mbili, moja chini ya nyingine, moja kwa kila kishikwambi, akaipa orodha nzima jina moja: geuza. Akiandika geuza na kubonyeza, kompyuta inasoma orodha toka juu hadi chini na kuviambia vishikwambi vyote vigeuze ukurasa, kimoja kikishaitikia ndipo kinafuata kingine.

Swali likawa, nani awe wa kwanza? Ungekuwa wewe labda ungepanga kwa alfabeti. Mume wangu hakuweza. "Siwezi kumgeuzia binti wa juzi ukurasa, Mzee Yoakimu anasubiri," alisema. "Hata uji haugawiwi hivyo." Akataka kupanga kwa umri, lakini akina mama wanne walikataa kutaja mwaka wa kuzaliwa. Basi tulikaa jioni nzima tukikumbuka nani humwamkia nani shikamoo, na kwa njia hiyo orodha ikapangika. Walioleta ugumu ni Mama Felix na mwenzake wa sauti ya pili, ambao kwa miaka kumi wamekuwa wakisalimiana "habari" kwa sababu kila mmoja anangoja kuamkiwa. Juu kabisa alikaa mzee Yoakimu. Chini kabisa, kwa kuwa mwenye shughuli hula wa mwisho, alikaa mwalimu wa kwaya.

Tulimwonyesha Marseli sebuleni kwetu kwa vishikwambi vinne, maana vingine havikuwa na chaji. Mume wangu akaandika geuza, kurasa nne zikapinduka. Marseli akapiga makofi. Akasema hakuna kwaya nyingine yenye kitu kama hiki, na mzee Wolfgang atashangaa. Nikajua mume wangu kanusurika, na nilikuwa tayari nimeshachukua mfuko nikamnunulie Marseli soda, aliposema neno la pili.

"Ila mtu hawezi kuimba huku anachapa. Baba Devota atakaa nyuma ya nguzo na kompyuta. Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote."

Mume wangu alifunga daftari lake. Kisha akasema, "Sawa." Soda sikununua.

Hivyo ndivyo alivyojitengenezea benchi kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilitaka aende akatae, yeye akasema watu kumi na mmoja wanategemea, hawezi kuwaacha na kurasa zisizogeuka. Huwa anaimba akijenga. Wiki ile alipiga lipu ukuta mzima wa jiko la Mama Felix kimya, na Mama Felix alikuja kuniuliza kama kuna msiba ambao hajaambiwa. Iliniuma. Uchungu wenyewe ulikuwa kwenye wimbo wa Jubilei, ule wa zamani uliotungwa kigango kilipoanzishwa. Ukurasa wake wa pili unaanza na sauti ya nne peke yake. Sauti ya nne ni watu wawili tu, yeye na mzee Yoakimu, na mzee Yoakimu hajawahi kuanza. Pumzi zake hazitoshi, humsubiri Melkiadi aanze ndipo amfuate.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka nje, na mzee Wolfgang alikaa mbele, mrefu, mwekundu kwa jua, amevaa shati la kitenge alilopewa na akina mama. Mume wangu alikuwa nyuma ya nguzo na kompyuta juu ya stuli. Mimi nilikaa karibu naye kumshikia daftari, nikiwa na hasira na kitenge kipya.

Tatizo lilionekana kwenye wimbo wa kwanza. Kumbe vishikwambi vinne ni jambo moja, na kumi na viwili ni jambo jingine. Kila kimoja kilikula karibu sekunde nzima kabla ya kuitikia. Wazee walishafika ukurasa wa pili, akina mama wa makamo wakawa njiani, wasichana wa sauti ya kwanza wakawa bado ukurasa wa kwanza, na Marseli, aliyekuwa wa mwisho, akawa anaongoza wimbo ambao kwaya ilishauacha nyuma. Kila alipopandisha mikono kuashiria wapaze, wao walikuwa wanamalizia. Waumini walidhani ndivyo mtindo mpya ulivyo.

Yakaja mahubiri. Mzee Yoakimu ni mtu wa adabu zake. Aliona si heshima padri anahubiri na wewe umeshika kitu kinawaka, tena taa mchana. Akakizima kabisa, akakiweka mapajani, akakunja mikono juu yake.

Baada ya mahubiri ikawa zamu ya matoleo, na hapo ndipo wimbo wa Jubilei ulipopangwa. Kwaya ikaanza ukurasa wa kwanza vizuri sana. Watu wakaja wakicheza katikati ya kanisa na madebe ya mahindi, maharage, mbuzi mmoja na jogoo. Ukurasa ulipokaribia kwisha, mume wangu akaandika geuza, akabonyeza.

Dirisha likakaa kimya. Kialama kinapepesa. Kompyuta ilikuwa imemwambia mzee Yoakimu ageuze, mzee Yoakimu hakuitikia kwa kuwa alikuwa amezimwa, na kwa jinsi orodha ilivyopangwa, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupita mbele yake. Vishikwambi vyote kumi na kimoja vilivyokuwa chini yake vilisimama foleni kumngoja mzee.

Wimbo ukafika mwisho wa ukurasa, ukakatika. Wasichana walitazama vioo vyao. Marseli alitazama chake, mikono ikiwa imebaki juu. Wacheza matoleo wakasimama, mguu mmoja mbele. Mbuzi akalia, na katika kimya kile kila mtu alimsikia.

Nilifungua daftari ukurasa wa mwisho. Palikuwa na amri ya kukatiza, Devota alikuwa ameipigia mstari mara mbili: ikigoma, mkatize uliyekuwa unamwamrisha, uendelee na wengine. Nikamwonyesha. "Mkatize," nilimnong'oneza.

"Mzee Yoakimu?" alisema mume wangu. "Mbele ya kanisa lote?"

"Si yeye, ni kishikwambi chake."

"Nimekiandika jina lake."

Akaweka kidole juu ya batani, akakiondoa. Alimchungulia mzee Yoakimu, na mzee Yoakimu alikuwa amegeuza shingo anaitazama nguzo kwa lile jicho lake moja, anamngoja aanze. Mume wangu akasimama. Stuli ikayumba, nikaidaka kompyuta. Na akaanza, kutoka nyuma ya nguzo, bila karatasi, bila kioo, ukurasa wa pili wote.

Mzee Yoakimu akaingia mstari wa pili, kama siku zote. Wazee wa sauti ya tatu wakafuata, maana hata wao waliujua wimbo tangu ujana. Mama Felix akafumba macho akaingia. Wasichana wakashika kwa masikio. Marseli alibaki sekunde mbili na kishikwambi chake, kisha akakiweka sakafuni, akageukia nguzo, akaanza kuongoza kule sauti inakotoka. Mbuzi akafika altareni. Na mimi nilikuwa nimekumbatia kompyuta, nalia, na najua kitenge kipya kilikuwa kinachuja rangi.

Kwenye pilau, mzee Wolfgang alimshika mkono mume wangu, akaugeuza, akavitazama vidole kwa muda mrefu. Akasema maneno mengi, na paroko akatafsiri. Alisema hajasikia sauti ya nne kama ile kwa miaka mingi. Halafu akasema vile vishikwambi kwao kwaya ilivitumia miezi mitatu, vikawashinda, wakarudi kwenye vitabu, ndiyo maana vilikuwa vizima. Paroko alipotafsiri hiyo sehemu ya mwisho alikohoa kidogo.

Marseli alikuja kwetu Jumanne. Aliamkia, akakaa, akazungusha kikombe cha chai. "Mzee wangu, nilikosea," alisema. "Rudi mstarini."

"Na kurasa?" aliuliza mume wangu. "Wasichana hawajui nyimbo zote kwa kichwa."

Wote wawili wakanitazama mimi. Nikawaambia mimi nauza maandazi. Wakaendelea kunitazama.

Basi siku hizi nyuma ya nguzo nakaa mimi. Devota alinielekeza kwa simu kuongeza alama moja mwishoni mwa kila amri, na kurasa zote zinageuka pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake. Jumapili ya kwanza niliweka daftari magotini na kidole juu ya batani, nimejiandaa, nahesabu mistari. Ukurasa wa kwanza ukawa unakwisha. Ndipo Baba Devota akaanza kule mbele, mahali pake, ile sauti, nami nikainua kichwa nimsikilize kidogo tu.

Nilikuja kukumbuka kubonyeza watu walipokuwa wanakaa chini.